Annalena Tonelli na Manyatta ya Wajir

Tangu Shaaban Robert aandike maisha ya Siti binti Saad, wasifu wa Kiswahili umekuwa ukiwatafuta watu ambao historia rasmi haina haja nao. Hata hivyo, eneo la Kaskazini Mashariki mwa Kenya limebaki pembeni mwa utanzu huu. Garissa, Wajir na Mandera hutajwa katika maandishi yetu kwa ukame, kwa ngamia na kwa risasi. Ni nadra kutajwa kwa mtu. Miongoni mwa wanaostahili kutajwa ni mwanamke mmoja ambaye hakuzaliwa huko, hakuwa Msomali, hakuwa Mwislamu, na kwa miaka yake ya mwanzo hakuwa hata na ujuzi wa tiba. Aliishi Wajir kwa takribani miaka kumi na mitano, akabuni huko njia ya kuwatibu wafugaji wa kuhamahama, kisha akalazimika kuondoka kwa sababu alikataa kunyamaza.

Annalena Tonelli alizaliwa tarehe 2 Aprili 1943 mjini Forlì, kaskazini mwa Italia, wakati Vita Vikuu vya Pili vya Dunia vikiendelea. Alisomea sheria katika chuo kikuu, lakini uwakili haukumvutia. Tangu ujana wake alikuwa akiwahudumia maskini wa mji wake, na mwanzoni mwa miaka ya sitini alishiriki kuanzisha huko Forlì kamati ya kupambana na njaa duniani. Kamati hiyo ndiyo iliyomtumia msaada kwa miaka mingi baadaye. Alikuwa Mkatoliki wa imani kali, lakini hakujiunga na shirika lolote la watawa, wala hakuwa mmisionari kwa maana iliyozoeleka. Jambo hili linahitaji kusisitizwa mapema kwa sababu ndilo lililowachanganya wengi waliomfahamu, Waislamu kwa Wakristo. Hakuhubiri. Hakujenga kanisa. Hakumbatiza mtu.

Alifika Kenya mwaka 1969 akiwa na umri wa miaka ishirini na mitano, akaanza kazi ya ualimu huko Chinga, karibu na Nyeri. Ualimu ndio uliokuwa mlango wa pekee uliofunguka kwa kijana wa kigeni mwenye shahada ya sheria isiyo na matumizi barani Afrika. Mwaka uliofuata alihamia Wajir kufundisha katika shule ya sekondari. Kutoka Nyeri yenye mvua na chai hadi Wajir yenye mchanga na visima vya chumvi ni safari ya kutoka nchi moja hadi nyingine, japo bendera ni ileile. Barabara ya kutoka Garissa kwenda Wajir ni zaidi ya kilomita mia tatu, na enzi hizo msafiri aliyefika bila gari kuharibika alihesabiwa kuwa na bahati.

Hali ya kisiasa ya eneo hilo wakati huo ni sehemu ya maisha yake. Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini ilikuwa imetengwa tangu zama za ukoloni. Mtu hakuingia wala kutoka bila kibali. Uhuru wa 1963 ulifuatiwa na vita vya Shifta vilivyoendelea hadi 1967, vilivyowafanya wafugaji wengi wapoteze mifugo na kufungiwa katika vijiji vya kulazimishwa. Sheria za hali ya hatari zilibaki zikitumika katika mkoa huo hadi mwaka 1991. Kwa hiyo Tonelli alipofika, wakazi wa Wajir walikuwa na sababu nzuri ya kumwangalia kwa jicho la shaka mgeni yeyote aliyetumwa na serikali, hata kama amebeba chaki tu.

Yeye mwenyewe alikuwa na kasoro zote machoni mwao. Alikuwa kijana, na kijana hasikilizwi mbele ya wazee. Alikuwa mzungu na Mkristo. Zaidi ya yote hakuwa na mume wala mtoto, na wala hakuonekana kuvitafuta. Jambo hilo katika jamii ya Kisomali lilikuwa kama kitendawili kisicho na jibu. Watu walimwona kafiri asiye na ukoo, na mtu asiye na ukoo katika nchi kavu ni kama asiye na kivuli.

Mkutano wake na kifua kikuu ulianza kwa maji. Katika hospitali ya Wajir palikuwa na wodi ya wagonjwa wa kifua kikuu ambao wengi wao walikuwa wamekwisha kuachwa na jamaa zao. Visima vya Wajir vina maji mengi yaliyo karibu na uso wa ardhi, lakini ni ya chumvi. Tonelli, kwa kuwa alikuwa mwalimu wa serikali, alipewa nyumba yenye paa la kukinga maji ya mvua. Akaanza kujaza mitungi maji hayo matamu na kuyapeleka wodini, akimwaga ya chumvi yaliyokuwa katika vyombo vya wagonjwa na kuwajazia mengine. Hakujua tiba, na Kisomali chake kilikuwa bado kigumu. Wagonjwa walimwelekeza kwa ishara za mikono, wakiudhika kwa uzembe wa msichana huyu asiyejua hata mahali pa kuweka kopo. Hivyo ndivyo alivyojifunza kazi: kwa kuamrishwa na watu wanaokufa.

Ni vyema kueleza ugonjwa huo ulikuwa na uzito gani. Kwa Kisomali kifua kikuu huitwa qaaxo, na neno hilo halikutamkwa kwa urahisi. Kwa mfugaji anayejivunia nguvu za miguu yake, kutema damu kulikuwa aibu ya ukoo mzima. Familia iliyokuwa na mgonjwa ilihofia kukosa wachumba wa kuoa binti zake. Kwa hiyo ugonjwa ulifichwa, na uliofichwa ukaenea: aqal ya Kisomali, ile nyumba ya vijiti na mikeka inayobebwa juu ya ngamia, ni ndogo na huwalaza watu wengi karibu karibu, na mgonjwa mmoja anayekohoa usiku anatosha kuwaambukiza waliolala ubavuni mwake.

Tiba ilikuwepo, lakini ilitengenezwa kwa ajili ya watu wanaokaa mahali pamoja. Hadi miaka ya sabini, mgonjwa wa kifua kikuu alitakiwa kutumia dawa kwa miezi kumi na miwili hadi kumi na minane, akianza kwa sindano za streptomaisini. Kwa mtu mwenye shamba na nyumba ya mawe huo ni usumbufu. Kwa mtu ambaye ngamia wake wanafuata mvua, ni jambo lisilowezekana kabisa. Mfugaji alikuja, akapata nafuu baada ya majuma machache, kikohozi kikapungua, naye akaondoka kwa sababu mvua zilikuwa zimenyesha upande wa pili wa wilaya. Vijidudu vilivyosalia kifuani mwake vilikuwa vile vilivyokwisha kuzoea dawa. Aliporudi, kama alirudi, dawa zilezile hazikumfaa tena. Wahudumu wa afya waliandika katika majalada kwamba mgonjwa ametoroka. Neno hilo lilimhukumu mgonjwa na kuinusuru idara.

Wakati huohuo utafiti muhimu ulikuwa ukifanyika Afrika Mashariki. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya sabini, majaribio yaliyofanywa kwa ushirikiano wa Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza na watafiti wa Afrika Mashariki, kwa kuwatibu wagonjwa wa Kenya, Tanzania, Uganda na Zambia, yalionyesha kwamba dawa mpya, hasa rifampisini, zikichanganywa na zile za zamani zinaweza kumponya mgonjwa kwa miezi sita. Ugunduzi huu ulibadilisha tiba ya kifua kikuu duniani kote, na inashangaza kwamba wanafunzi wetu wengi hawajui kuwa ulitokana na vifua vya wagonjwa wa hapa kwetu. Lakini miezi sita nayo ilikuwa mingi kwa mfugaji. Swali lilibaki: nani atamhakikisha mtu wa ngamia anameza dawa kila siku kwa nusu mwaka?

Hapo ndipo Tonelli alipoingia. Mwaka 1976 alikabidhiwa kusimamia mradi wa majaribio wa Shirika la Afya Duniani wa kutibu kifua kikuu miongoni mwa wahamaji wa Wajir. Kufikia wakati huo alikuwa ameacha ualimu wa darasani na, pamoja na wenzake wachache wa Kiitalia waliomfuata, alikuwa akiendesha kituo cha watoto walemavu: waliopooza kwa polio, vipofu, na viziwi. Mbele ya kituo hicho palikuwa na uwanja mtupu. Tonelli aliwaalika wagonjwa wahamie hapo na nyumba zao.

Wazo lilikuwa jepesi kiasi kwamba mtu hujiuliza kwa nini halikufikiriwa kabla. Mgonjwa hakulazwa kitandani katika wodi yenye dirisha la waya. Alikuja na aqal yake, au jamaa zake walimjengea kisha wakaendelea na mifugo. Alipika chai yake, alisali sala zake kwa wakati, alipokea wageni. Kila siku alimeza dawa mbele ya mhudumu, naye mhudumu alihakikisha zimemezwa. Baada ya miezi sita, makohozi yakionekana kuwa safi, mgonjwa aling'oa vijiti vya nyumba yake akaondoka mzima. Kilichokuwa hospitali kwa mtaalamu kilikuwa kambi kwa mfugaji, na kambi ni kitu alichokielewa tangu kuzaliwa.

Mahali hapo pakaitwa manyatta. Mwanafunzi wa isimu atavutiwa na safari ya neno hili. Ni neno la Kimaasai kwa asili, likaingia katika Kiswahili cha Kenya na Kiingereza cha maofisa wa kikoloni likiwa na maana ya makazi ya wafugaji wowote wale, kisha likafika Wajir kuwa jina la kambi ya matibabu ya Wasomali iliyobuniwa na Mwitaliano. Mfano huo uliigwa baadaye katika sehemu nyingine za kaskazini mwa Kenya, na manyatta ya kifua kikuu ikawa istilahi ya kawaida ya wahudumu wa afya.

Sifa zote zisirundikwe kwa mtu mmoja. Daktari Karel Styblo, aliyefanya kazi nchini Tanzania tangu mwishoni mwa miaka ya sabini, ndiye anayehesabiwa kwa haki kuwa mjenzi wa mfumo wa kitaifa ambao Shirika la Afya Duniani liliueneza katika miaka ya tisini kwa jina la DOTS, yaani tiba fupi inayotolewa mbele ya mhudumu. Styblo alikuwa na wizara, takwimu na mtandao wa zahanati. Tonelli alikuwa na uwanja wa mchanga. Lakini alionyesha jambo ambalo takwimu za Tanzania hazingeweza kulionyesha: kwamba hata watu waliodhaniwa hawawezi kutibiwa kwa sababu hawatulii wanaweza kutibiwa, ikiwa tiba yenyewe itakubali kukaa chini nao.

Alijisomea tiba huku akifanya kazi. Alipata vyeti vya kudhibiti kifua kikuu nchini Kenya, vya magonjwa ya nchi za joto na afya ya jamii nchini Uingereza, na vya ukoma nchini Hispania. Hakuwahi kuwa daktari, na hakujifanya kuwa daktari. Hakupokea mshahara. Alikula kidogo, alilala kidogo, na mali yake yote ingeingia katika begi moja. Baadhi ya waliomfahamu waliona maisha hayo kuwa ya kupita kiasi, na huenda walikuwa na hoja, kwani si kila mhudumu wa afya anaweza wala anapaswa kuishi hivyo. Lakini wakazi wa Wajir, ambao nao walikuwa wakila kidogo bila ya kupenda, hawakuyaona maisha hayo kuwa ya ajabu.

Kifua kikuu hakikai kifuani peke yake. Kwa watoto wadogo vijidudu vyake huweza kushambulia utando unaofunika ubongo na uti wa mgongo, na mtoto akapata homa ya uti wa mgongo ya aina ambayo huua au huacha ulemavu wa kudumu. Chanjo ya BCG inayotolewa mtoto anapozaliwa hukinga zaidi dhidi ya hatari hiyo kuliko dhidi ya kikohozi cha mtu mzima. Lakini mtoto aliyezaliwa chini ya mgunga, mwendo wa siku tatu kutoka zahanati ya karibu, hakuipata.

Homa ya uti wa mgongo ya aina nyingine, ile ya mlipuko, nayo ina historia yake katika eneo hili. Husababishwa na vijidudu vinavyopita kwa mate na chafya kati ya watu wanaolala na kula karibu karibu: askari kambini, mahujaji, wanafunzi mabwenini. Wazee wa Garissa na Wajir wanaijua chanjo yake vizuri kuliko wakazi wengi wa Kenya, na sababu ni Hija. Baada ya mlipuko uliowakumba mahujaji mwaka 1987, na mwingine wa miaka ya 2000 na 2001, Saudi Arabia imekuwa ikimtaka kila hujaji aonyeshe cheti, na tangu 2002 chanjo hiyo ni ile inayokinga aina nne za vijidudu. Matokeo yake ni hali ya kushangaza: babu anayekwenda Makka kwa majuma machache huchanjwa, ilhali mjukuu wake anayekwenda kulala bwenini kwa miaka minne mjini Garissa, ambako chuo cha ualimu cha zamani kiligeuzwa kuwa chuo kikuu kishiriki mwaka 2011 na kupata hati yake mwaka 2017, kwa kawaida huenda bila chanjo hiyo. Babu haogopi sindano kwa sababu anajua inampeleka wapi.

Hilo ndilo lililokuwa kiini cha kazi ya Tonelli. Hakuna dawa wala chanjo inayofanya kazi mahali ambapo mtoaji wake haaminiwi. Mwaka 2013, polio iliporudi Kenya kupitia kambi za wakimbizi za Dadaab katika kaunti ya Garissa na kupooza watu kumi na wanne, wahudumu walilazimika tena kuzunguka boma kwa boma wakijenga imani kabla ya kudondosha tone. Katika Kaskazini Mashariki imani hiyo ina gharama ya pekee, maana serikali inayoleta sindano ndiyo iliyowahi kuleta bunduki.

Februari 1984 bunduki zilikuja Wajir. Kuanzia tarehe 10 ya mwezi huo, askari wa vikosi vya usalama waliwakamata wanaume wa ukoo wa Degodia mjini na vijijini, kwa maelezo kwamba wanapokonywa silaha, wakawapeleka kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla, magharibi mwa mji. Huko walivuliwa nguo na kulazwa kifudifudi juani bila chakula wala maji. Waliojaribu kukimbia walipigwa risasi. Wengine walikufa kwa kiu, kwa kipigo na kwa moto. Siku kadhaa baadaye waliosalia walitawanyika, na miili ikapakiwa katika malori na kutupwa porini, mbali na mji, mahali ambapo fisi wangeikamilisha kazi.

Tonelli na wenzake walichukua gari wakaenda porini. Waliwakusanya waliokuwa bado wanapumua, wakawaleta kutibiwa. Waliokufa waliwazika kadiri walivyoweza. Kazi hiyo ilifanywa chini ya macho ya askari waliokuwa wameamuru mtu yeyote asiwasaidie. Aliandika majina ya waliouawa. Picha za maiti zilipigwa, na picha hizo zikatoka Wajir hadi Nairobi, ambako mke wa mwanadiplomasia mmoja wa Marekani alisaidia kuzifikisha kwa balozi na kwa vyombo vya habari vya nje. Bungeni, Ahmed Khalif, aliyekuwa mbunge wa Wajir Magharibi, alilieleza taifa kuhusu mauaji hayo. Ndiye Ahmed Khalif aliyefariki katika ajali ya ndege huko Busia mwezi Januari 2003, majuma machache tu baada ya kuteuliwa kuwa waziri.

Serikali ilisema waliokufa ni 57. Mwaka 2000 ilikubali kwamba walikuwa 380. Manusura na wazee wa Degodia wametaja maelfu. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikaa Wajir mwaka 2011 kuwasikiliza wajane na manusura, na ripoti yake ilitolewa mwaka 2013. Hadi leo idadi kamili haijakubaliwa na pande zote. Orodha ya majina iliyoandikwa na mwanamke wa manyatta ilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza vilivyoifanya idadi ya serikali isiaminike.

Hapa panafaa kuulizwa swali ambalo waandishi wengi wa habari za Tonelli hulipitia haraka. Je, alikuwa na haki ya kuhatarisha mradi wa wagonjwa wake kwa ajili ya jambo la kisiasa? Angenyamaza, huenda angeachwa aendelee. Mamia ya wagonjwa wangetibiwa na mikono yake kwa miaka mingine ishirini. Hoja hiyo ina uzito, na mashirika mengi ya misaada yameishi kwa kuifuata. Lakini waliolala Wagalla ni walewale waliokuwa wamelala manyatta, au kaka zao, au baba zao. Mhudumu anayehesabu vidonge vya mtu kila asubuhi kwa miezi sita, kisha akakataa kuhesabu maiti yake, hangekuwa na la kumwambia mjane wake anapokuja kukohoa. Tonelli alielewa kwamba imani aliyoijenga kwa miaka kumi na minne ilikuwa ikipimwa katika siku tano.

Gharama ilifika mwaka uliofuata. Mwaka 1985 alilazimika kuondoka Kenya. Kituo na manyatta vilibaki na wale aliokuwa amewafunza, jambo ambalo lenyewe lina maana: kazi haikuvunjika kwa kuondoka kwake.

Maisha yake ya Somalia yanaweza kuelezwa kwa ufupi zaidi, ingawa hayakuwa mepesi. Alifanya kazi ya kifua kikuu huko Beledweyne, kisha Merca, mji wa pwani ya Benadir, ambako wakati wa njaa na vita vya mwanzoni mwa miaka ya tisini alijikuta akiwalisha maelfu na kuwazika wengi. Aliporwa, alipigwa, alitishwa. Alipoondoka Merca, daktari wa Kiitalia aliyeshika nafasi yake, Graziella Fumagalli, aliuawa kwa risasi humohumo hospitalini mwezi Oktoba 1995. Tonelli hakurudi Ulaya. Mwaka 1996 alikwenda Borama, kaskazini magharibi, katika Somaliland iliyokuwa imejitangazia kujitenga na Somalia tangu 1991.

Borama alianzisha hospitali ya kifua kikuu ambayo ilikua hadi kuwa na vitanda kama mia mbili na hamsini. Wagonjwa waliopona taratibu walifundishwa kusoma na kuandika, na wengine walisoma Kurani kwa gharama yake; haikumsumbua hata kidogo kwamba kitabu si chake. Aliwaleta madaktari wa macho waliowaondolea wazee mtoto wa jicho. Alianza kuwahudumia wenye virusi vya UKIMWI wakati jina la ugonjwa huo halikuweza kutajwa hadharani, na alishirikiana na wanawake wa huko kupinga ukeketaji. Mambo haya mawili yalimletea maadui. Walikuwapo waliosema kwamba anawaleta wagonjwa wa UKIMWI mjini, na hospitali yake ikarushiwa mawe. Aibu ile ya qaaxo aliyokuwa ameikuta Wajir mwaka 1970 ilikuwa imepata jina jipya.

Mwezi Juni 2003, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilimpa Tuzo ya Nansen, tuzo kubwa kuliko zote duniani katika uwanja huo. Alikwenda Geneva kuipokea, akiwa mtu ambaye kwa zaidi ya miaka thelathini alikuwa amekwepa wapiga picha. Wapo wanaoamini kwamba umaarufu huo wa ghafla ndio uliomweka wazi mbele ya waliomtafuta. Jioni ya Jumapili tarehe 5 Oktoba 2003, baada ya kuwapitia wagonjwa wake, alipigwa risasi ya kichwa ndani ya uwanja wa hospitali yake. Alikuwa na umri wa miaka sitini. Majuma mawili baadaye walimu wawili Waingereza, mume na mke, waliuawa katika mji wa Sheikh, katika nchi hiyohiyo.

Huko Wajir habari zake zilipokewa na watu waliokuwa watoto wakati wa manyatta. Baadhi yao walikuwa wauguzi, walimu na wafanyabiashara; wengine walikuwa bado na ngamia. Ni kizazi kilichomjua kwa jina lake la kwanza tu, bila cheo chochote mbele yake, jambo ambalo katika Kenya yenye kupenda vyeo ni heshima ya aina yake.

Kuna urithi mmoja wa Tonelli ambao wanafunzi wa lugha, zaidi ya wengine, wana sababu ya kuufuatilia. Mwaka 1997 ilianzishwa Borama shule ya watoto viziwi ambayo ilikuja kuitwa kwa jina lake. Kabla ya hapo viziwi wa Somalia hawakuwa na lugha ya alama ya kufundishiwa shuleni. Kila familia ilibuni ishara zake za kuombea maji na chakula. Lugha ya alama iliyoanza kutumika katika shule hiyo asili yake ni Lugha ya Alama ya Kenya, ile iliyowafikia viziwi Wasomali waliosomeshwa upande wa Kenya wa mpaka, na kutoka Borama ikaenea hadi miji mingine ya Wasomali.